Mlango wa Chumba cha Kumi na Tisa

4 Februari

Mjomba,

Kuna swali ambalo nimekuwa nikilibeba tangu nilipoandika tasnifu yangu, na kila ninapodhani nimelijibu, naligeuza upande wa pili na kulikuta bado linanitazama: kitu kinapoundwa upya, kimtii nani? Aliyekiunda mara ya kwanza, au aliyekipenda mara ya kwanza?

Nisamehe kwa kutanguliza swali mbele ya heshima. Shikamoo. Mama anakusalimu, na anasema mimi na wewe ndio watu wawili waliobaki duniani wanaolamba stempu.

Sababu ya kuandika ni hii. Mhariri wa gazeti letu la kila wiki amenikabidhi toleo jipya la mchezo wa video wa "Mbeba Taa", nilihakiki na kulipa alama. Nilimkumbusha kwamba mchezo wa awali uliubuni wewe, na kwamba mimi ni mpwa wako. Akajibu, "Ndiyo maana. Andika hilo kwenye mstari wa kwanza, halafu uendelee na kazi." Jana nilikaa nikijaribu kuueleza kwa msomaji ambaye hajawahi kushika mchezo wowote wa video. Nilifika hapa: kuna mtu mdogo asiye na uso, amebeba taa ndani ya nyumba yenye vyumba arobaini. Kivuli cha kitu chochote kikiangukia ukutani hugeuka ngazi, naye anaweza kukipanda. Kila chumba ni fumbo: uiweke wapi taa ili upate ngazi inayofika mlangoni? Ni hayo tu, na ni mengi.

Lakini mimi nikiufikiria mchezo ule, sioni nyumba ya vyumba arobaini. Naona sebule yako, meza iliyokuwa na mguu mmoja mfupi, na kile kidhibiti cha majaribio chenye kitufe kimoja kilichozibwa kwa gundi ya karatasi. Nilikuwa na miaka minane na cheo cha Mkaguzi Mkuu. Nakumbuka chumba cha kumi na tisa kuliko ninavyokumbuka darasa langu la kwanza.

"Mjomba, fumbo limekataa."

"Limekataa, au wewe ndiye umekataa?"

Nikakiweka kidhibiti chini, nikaenda jikoni kunywa maji. Niliporudi, mlango ulikuwa wazi. Ndipo nilipoelewa, peke yangu, kwamba chumba kile kilikuwa hakitaki kupigwa vita, kilitaka kuachwa. Sura ya tatu ya tasnifu yangu, ile ya kusubiri kama aina ya kutenda, ilizaliwa kwenye korido ile kati ya jikoni na sebule.

Kwa hiyo nauliza kwa unyenyekevu: itakuuma nikiandika? Ukisema niache, nitaacha.

Mpwa wako,
Mkaguzi


11 Februari

Mkaguzi Mkuu,

Marahaba, marahaba, na nyingine ya akiba. Mwambie dada yangu stempu ni tamu, ajaribu.

Andika, mama. Iniume nini? Mchezo una miaka ishirini na sita, umekwisha kuwa mtu mzima. Ukisemwa, utajitetea wenyewe. Sharti langu ni moja: cheza kuanzia chumba cha kwanza hadi cha mwisho, kama mgeni. Usikimbilie cha kumi na tisa kama mtu anayekwenda kuhakikisha shamba lake halijauzwa.

Mimi mzima. Goti linalalamika kwa sababu lifti ya jengo letu imesusa tena na mimi niko ghorofa ya tatu. Siku hizi nina kikazi cha mikono kinachonitoa nyumbani asubuhi, mara tatu kwa wiki. Mambo ya milango milango. Usiulize, ni vumbi tu.

Swali lako ni zuri, ila mimi sikusoma kufika huko. Ningekuwa wewe ningemuuliza kwanza huyo aliyekipenda: ulichokipenda ni nini hasa?

Mjomba wako


23 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Nafurahi kusikia umerudia useremala. Mama naye amefurahi, anasema kabati lake limekuwa likikusubiri tangu mwaka juzi.

Nimeambatisha uhakiki wangu, umetoka jana. Nilicheza kama ulivyoagiza, chumba kwa chumba, kwa siku tisa. Kama hutaipata miwani yako, kiini chake ni hiki:

"Rangi ni nzuri, na muziki umetulia kama maji kwenye mtungi. Wanaopenda kurukaruka katika vyumba vya juu watafurahia miguu ya mbeba taa, sasa ni myepesi zaidi. Lakini wajenzi wapya wameongeza kitufe cha kuzima taa, ambacho mchezo wa awali haukuwa nacho, na kwa ajili ya kitufe hicho wameufuta mlango wa kusubiri wa chumba cha kumi na tisa, ule uliofunguka tu kwa mtu aliyekubali kuacha kuhangaika. Sasa mchezaji husubiri, na hakuna linalotokea. Hii ni kazi ya mikono isiyomjua mwenye nyumba. Katika orodha ya waliounda toleo hili kuna mtu aliyejiandikisha kwa jina la Fundi Mlango. Fundi wa kweli angeuacha mlango ule kama alivyoukuta."

Nimewapa sita kati ya kumi. Wahakiki wengine wote niliowasoma wametoa tisa, na mmoja katoa tisa na nusu, kana kwamba nusu iliyobaki aliisahau mfukoni. Nimejiuliza kama ni mimi ndiye nisiyeona. Nilikisoma chumba kile mara nyingi, nikakaa ndani yake dakika ishirini bila kugusa kitu, nikitumaini. Nakiri kwamba sikukimaliza. Niliruka kwenda cha ishirini kwa msaada ambao mchezo wenyewe unautoa. Hilo nimeliandika pia, mwishoni, kwa sababu msomaji ana haki ya kulijua.

Mama kausoma akasema, "Umewachapa kweli hao." Sikukusudia kuchapa. Nilikusudia kukutetea.

Mpwa wako,
Mkaguzi


1 Machi

Mkaguzi,

Nimeusoma mara mbili. Sentensi zako zimenyooka, hazina kona. Pale pa mikono isiyomjua mwenye nyumba nilicheka hadi miwani ikaingia kwenye chai. Na huyo Fundi Mlango umemweza, masikini, atafute kazi nyingine.

Lakini usiwaonee sana wale watu. Wamekaa na ule mchezo miaka mitatu. Kiongozi wao ni mama mmoja makini, ana daftari la kila chumba. Siku gazeti lako lilipofika hakula chakula cha mchana. Alisema, "Tisa zote zile hazinihusu. Huyu wa sita ndiye aliyeupenda."

Nami sikuomba kutetewa, mwanangu. Ila asante.

Mjomba wako


8 Machi

Mjomba,

Umejuaje kwamba hakula?

Nimeisoma barua yako nikiwa ofisini, nikaisoma tena nikiwa nimesimama kwenye foleni ya benki, na swali hilo halitoki. Labda mna rafiki wa pamoja. Labda aliandika mahali. Sitaki kukisia, kukisia ni ugonjwa wa kazi yangu.

Acha nikupe habari njema wakati nikisubiri jibu. Nimepokea barua za wasomaji kumi na saba kuhusu mlango ule, nami nimekutolea nakala za zote, zimo humu kwenye bahasha. Isome ya fundi cherehani kwanza. Anasema alikuwa akicheza dukani katikati ya kazi, miaka hiyo, akakwama chumba cha kumi na tisa. Akaingia mteja mwenye gauni la kupunguzwa. Akapima, akaweka pini, wakabishana urefu. Aliporudi kwenye skrini, mlango wazi. Ameandika: "Sikuona falsafa, dada. Niliona kama kuna mtu aliyeniangalia akanionea huruma. Wiki ile nilikuwa naihitaji."

Mimi niliandika kurasa arobaini kuhusu mlango huo na neno huruma halimo hata mara moja. Linanisumbua. Je, yeye ameona kisichokuwepo, au mimi ndiye niliyepita mbele yake na vitabu vyangu kichwani?

Nijibu kuhusu chakula cha mchana.

Mkaguzi


2 Aprili

Mwanangu,

Nimechelewa. Nilikuwa naandika barua hii na kuichana. Hii ni ya tano, na hii sitaichana kwa sababu karatasi zimeisha.

Fundi Mlango ni mimi.

Walinifuata miaka mitatu iliyopita, yule mama na wenzake. Nilikubali kwa sharti kwamba jina langu lisitumike, maana nilijua mchezo ukitoka utapewa wewe, na nilitaka uuseme unavyouona, siyo unavyoniona mimi. Vumbi nililokuambia ni la ofisi yao, wanapaka rangi. Na ule mlango wa kusubiri, mimi ndiye niliyewaambia waufute. Wao walikataa. Mama yule alinibishia wiki mbili.

Sasa sikiliza kwa nini, na usinikatize kichwani mwako.

Kitufe cha kuzima taa hakikuongezwa. Kilikuwepo tangu mwanzo. Ndicho kile nilichokiziba kwa gundi ya karatasi. Ulikibonyeza mara moja tu maishani mwako, chumba cha nne, skrini ikawa nyeusi, ukapiga yowe hadi dada yangu akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Huyu mtoto halali bila taa ya ukumbini," akanifokea, "na wewe unamfundisha kuzima taa kwa mchezo?" Nikakiziba siku hiyo hiyo.

Miezi miwili baadaye nikakuletea chumba cha kumi na tisa. Na chumba cha kumi na tisa kina jibu moja: zima taa. Kama kivuli ni ngazi, basi giza ni ngazi kila mahali. Vyumba kumi na nane umefundishwa kuilinda taa, cha kumi na tisa unaambiwa uiache. Nilijivunia sana fumbo lile. Nilijivunia hadi nikasahau kwamba nimeziba ufunguo kwa mkono wangu, kisha nikakufungia mlango.

Nilikumbuka ulipokuwa umeshajaribu kwa muda mrefu mno. Ulisema unakwenda kunywa maji. Hukuwa na kiu. Ulikuwa na machozi, na hukutaka niyaone. Ningeweza kubandua ile gundi. Lakini ningekuambia nini? Kwamba jibu ni kile unachokiogopa? Nikanyoosha mkono kwenye kibodi yangu, nikaufungua mlango mwenyewe.

Ukarudi. Ukatazama. Ukaniambia, sauti juu, "Mjomba! Ulikuwa unataka niuache!" Uso wako uling'aa, mwanangu, sijawahi kumwona mtu aking'aa vile. Ningesema hapana?

Kesho yake nikakutuma maji, nikakupima kwa saa ya ukutani: kwenda jikoni na kurudi, sekunde sitini na nne. Nikaziandika ndani ya programu, mlango ufunguke wenyewe zikipita bila mchezaji kugusa kitu, nikakitoa kitufe cha kuzima, na mchezo ukatoka hivyo. Wenzangu wakasema ni fikra kubwa. Siku unatetea tasnifu yako nilikaa kiti cha nyuma. Profesa aliposifu sura ya tatu, mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Ningesimama niseme nini? Samahani wasomi, yalikuwa maji ya kunywa tu?

Sasa una miaka thelathini na minne na unalala gizani. Nilitaka mara moja, kabla sijazeeka kabisa, fumbo langu lichezwe jinsi nilivyolitunga. Na nilitaka ulicheze wewe. Hukulimaliza. Ukaniandikia kwamba mimi simjui mwenye nyumba.

Nicheke au nilie? Nimecheka. Lakini nimekaa na hizo barua kumi na saba.

Mjomba wako


5 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimeipata.

Nitaandika nitakapojua ninachotaka kusema.

Mpwa wako


29 Aprili

Mkaguzi,

Wiki tatu na ushee. Dada yangu ananiambia kwa simu kwamba unakula, unafanya kazi, na umekuwa "na adabu kupita kiasi." Hilo la adabu limenitisha.

Sikuandikii ili kukuharakisha. Nina habari ya kazi tu. Nilimpa yule mama nakala za barua za wasomaji wako. Alizisoma kwa sauti, ofisi nzima, watu wamesimama na vikombe. Alipofika kwa fundi cherehani akaacha kusoma, akaniangalia juu ya miwani. "Mzee, mlango huu bado ni wako?" Nikasema hapana. "Basi huna ruhusa ya kuufuta."

Kwa hiyo marekebisho yanatoka wiki ijayo. Taa itazimika kwa anayetaka kuizima, na mlango utafunguka kwa anayetaka kusubiri. Vyote viwili. Nilinuna siku moja, kisha nikaona nanunia nini.

Wakaniuliza, usubiri sekunde ngapi? Nikataka kusema sitini na nne. Halafu nikaona niwe mkweli, angalau mara moja. Nikarudi nyumbani, nikaiwasha saa, nikaenda jikoni, nikajaza glasi, nikarudi sebuleni na goti langu. Tisini na moja.

Ndiyo tumeandika tisini na moja.

Mjomba wako anayekunywa maji


10 Mei

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo.

Sikuwa nimekasirika, au nilikuwa nimekasirika kwa siku mbili tu, na siku zilizobaki nilikuwa na aibu, ambayo huchukua nafasi kubwa zaidi nyumbani. Nimejenga kazi yangu yote juu ya mlango niliodhani nimeufungua. Nimewafundisha wanafunzi. Nimesafiri kwenda kuuzungumzia. Na muda wote huo kulikuwa na mkono nyuma ya mgongo wangu.

Jumamosi iliyopita, baada ya chakula cha mchana, nilirudi chumba cha kumi na tisa. Mama alikuwa amekaa karibu akichambua mchele. Kidole kilikuwa juu ya kitufe na, utacheka, kikakataa. Nina shahada tatu na kidole kinaogopa. Mama bila kuinua macho akasema, "Zima basi, mimi nipo hapa." Nikazima. Skrini ikawa nyeusi. Nilianza kuruka bila kuona kitu, na kila mguu uliposhuka, ulikuta ngazi. Nilisikia hatua za yule mtu mdogo zikipanda juu, juu zaidi, kisha bawaba ya mlango. Mjomba, ni fumbo zuri. Ni zuri kuliko chochote nilichoandika juu yake. Nilisimama sebuleni nikapiga makofi kama mwendawazimu, na Mama akauliza kama nimeshinda fedha.

Kisha nikarudi mwanzo wa chumba, nikakiweka kidhibiti chini, nikaenda kunywa maji. Nilitembea polepole, kwa mwendo wako. Niliporudi mlango ulikuwa wazi, nami nikalia kidogo, hadharani, mbele ya mchele.

Gazetini nimechapisha maelezo. Nimesema mikono niliyoilaumu ni ya mwenye nyumba mwenyewe, na kwamba nilimsuta Fundi Mlango kwa kutomjua Fundi Mlango. Nimemwandikia yule mama pia, kando. Nimemwomba asiruke tena chakula cha mchana kwa ajili yangu. Mhariri hakuniruhusu kugusa alama. "Sita ilitolewa kwa mchezo ulioucheza siku ile," alisema, "na siku ile ulisubiri dakika ishirini bure." Sikumbishia, na sina hakika kama ni kwa sababu yuko sahihi au kwa sababu sikujua ningeandika namba gani.

Maana nimelirudia lile swali langu. Uliniambia nimuulize aliyekipenda alichokipenda ni nini. Nimemuuliza. Nadhani alipenda kung'aa kule, na kuonwa aking'aa. Na hapa kuna jambo linalonivuta: wewe uliufungua mlango kwa huruma, lakini kanuni ya kuuacha niliisema mimi, kwa sauti juu, nikiwa na miaka minane, nawe ukaiandika. Kwa hesabu hiyo, mlango ule tuliujenga wawili, na aliyekiunda na aliyekipenda hawakuwa watu wawili tofauti hata siku moja. Ni jibu linalonipendeza mno, ndiyo maana siliamini bado. Nimekuwa mhakiki kwa muda wa kutosha kujua kwamba jibu linalomkalia mtu vizuri kiasi hicho mara nyingi amelipima mwilini mwake mwenyewe.

Basi naliacha wazi, na nitakuambia kwa nini. Sijui kama toleo hili ni bora kuliko la kwanza. Sijui kama ningekuwa mtu wa kufikiri, na kuishi kwa kufikiri, kama mlango ule usingefunguka siku ile, au kama ningebandua gundi mwenyewe wiki iliyofuata na kuwa mtu jasiri zaidi kuliko niliye. Ili nijue, ingenibidi niingie chumba cha kumi na tisa nikiwa mtoto ambaye hakuna aliyemfungulia. Na mtoto huyo, Mjomba, hukumpa nafasi ya kuwepo.

Lifti ikipona nitakuja. Isipopona, nitakuja vilevile, na maji nitachukua mimi.

Mkaguzi wako